Kwa Mwanangu Rukia, Kuhusu Ile Barua ya Maombi

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaikum. Sisi hapa Mombasa tu wazima, alhamdulillahi. Nyanyako magoti yamsumbua kwa hii baridi ya Julai, lakini ala vizuri, na asubuhi hushuka mwenyewe mpaka barazani. Akusalimu sana.

Rasimu ya barua yako ya kuomba uzamifu, yaani PhD, katika idara za Kiingereza ng'ambo, uliyonitumia kwa WhatsApp, niliichapa juzi jioni, saiba yangu ya kompyuta ikiwa tupu. Karatasi mbili. Nikaketi nayo na penseli. Mara ya kwanza niliisoma kama mamako, nikalia. Mara ya pili na ya tatu niliisoma kama mtu aliyewachapia watu barua za kuomba kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, na hapo ndipo penseli ilipoanza kufanya kazi.

Wewe ulinikuta tayari na kompyuta, lakini kabla yake nilikaa chini ya mwavuli na taipureta. Mtu aja, aeleza haja yake, nami naipanga. Karibu kila barua ilikuwa na umbo moja: heshima, shida, ahadi, shukrani. "Naomba kwa unyenyekevu." "Baba yangu alifariki nikiwa darasa la nne." "Niko tayari kufanya kazi yoyote." Lugha yetu neno imetupa moja: waomba kazi, waomba maji, waomba radhi, waomba Mungu. Mtu huketi kuandika mikono ikiwa imeshakingwa. Mwaka 1991 niliandika yangu mwenyewe, kuomba nafasi ya mafunzo ya ukatibu ng'ambo. Nilijaza shida ukurasa mzima. Kwamba nilikuwa napiga maneno 65 kwa dakika bila kosa, sikulitaja. Ofisi ile haikunijibu mpaka leo.

Rasimu yako ina umbo lilo hilo, mamangu. Aya ya kwanza wasema umependa vitabu tangu utotoni. Ya pili ni ya marehemu babako na karo. Ya tatu ni jinsi utakavyoshukuru. Swali lako, lile ulilolibeba tangu mwaka wa tatu pale Nairobi, laja mstari wa 38, tena nusu ya sentensi, kama mtu aliyechelewa arusini akaketi nyuma karibu na viatu.

Nimesoma maelezo ya idara zote saba ulizoniorodheshea, na nikasoma yale ya wanafunzi wao. Watakaoisoma barua yako ni wahadhiri wenyewe wa idara. Wana mamia ya barua mezani, na nafasi ni chache, pengine kumi, pengine pungufu. Wamtafuta mtu watakayeishi naye miaka mitano au sita. Kule Marekani mtu aweza kuingia uzamifu moja kwa moja na digrii yake ya kwanza: miaka kama miwili ya madarasa, kisha mitihani, kisha tasnifu, na katikati ya hayo yote wewe wafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuandika insha. Yaani wachagua mwenzao wa kazi. Mtu kama huyo hujulikana kwa swali alilo nalo, na shida zako, ijapokuwa ni za kweli na nilizibeba pamoja nawe, haziwaambii kitu kuhusu swali.

Sasa nikukumbushe swali lilitoka wapi, kwa maana nilikuwepo. Ilikuwa likizo ya Desemba, stima imepotea, nawe ulikuwa ukimsomea nyanyako riwaya ya pwani iliyoandikwa kwa Kiingereza. Wasoma sentensi, wamtafsiria, wasoma nyingine. Ukafika mahali mwandishi ametaja buibui, kisha akaongeza kwamba ni vazi jeusi wanalovaa wanawake wa Kiislamu. Nyanyako akainua mkono ukanyamaza. "Yuamwambia nani huyo? Mie buibui nalivaa tangu nivunje ungo." Ukamweleza kwamba wasomaji wengine hawajui. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi kitabu hiki si changu." Siku ya pili ukamletea kingine, ambacho maneno yetu yamekaa ndani ya Kiingereza bila kuelezwa. Akasikiliza kurasa nne, tano. Akasema, "Huyu ametukaribisha."

Uliandika maneno hayo mawili kiganjani kwa kalamu, nami nakumbuka kwa sababu ulikataa kunawa mikono kabla ya chakula mpaka upate daftari. Neno la Kiswahili likiachwa bila maelezo ndani ya sentensi ya Kiingereza, nani ni mwenyeji mle na nani ni mgeni? Hilo ndilo swali lako. Liweke juu kabisa. Nyanyako na buibui wawe sentensi tatu au nne za mwanzo, zisizidi, kisha useme wasomi wengine wamelijibu vipi, wameacha wapi, na wewe wataka kwenda wapi. Aya ya mwisho useme kwa nini idara hii na si nyingine. Wataje wahadhiri wawili ambao umesoma makala zao ukazielewa. Nimeona umetaja sita kwa chuo kimoja. Sita ni orodha tu, na msomaji atajua umeitoa kwenye tovuti yao.

Jambo la pili ni ile sampuli ya maandishi inayokwenda pamoja na barua. Waniambia wataka kupeleka insha yako ya riwaya ya Uingereza ya karne ya 19, eti kwa kuwa unaomba Idara ya Kiingereza na Kiingereza ndicho watakachotaka kuona. Rukia, ile insha nimeiskani mimi, ni nzuri, lakini haina wewe. Sura ya pili ya mradi wako wa mwaka wa nne ndiyo yenye swali. Idara nyingi zataka kurasa baina ya 15 na 25, nayo ina 41. Ikate. Ondoa ule muhtasari wa hadithi, ondoa zile kurasa za nadharia ulizoandika kumridhisha msimamizi, ubakishe pale unapoisoma aya moja ya riwaya neno kwa neno. Pale mtu aona akili yako ikifanya kazi.

Na usione haya kwamba digrii yako yasema Fasihi. Wewe umesoma katika idara yenye historia yake: Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika pale pale Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika, ya kusimuliwa na ya kuandikwa, iwe ndiyo kitovu, nyingine zizunguke. Waraka ule wasomwa mpaka leo katika idara hizo hizo unazoziomba. Ngũgĩ mwenyewe baadaye alifundisha vyuo vikuu vya Yale, New York na Irvine, mpaka akafariki huko Marekani Mei 2025. Kwa hivyo sentensi moja yatosha kueleza kwa nini transkripti yako, ile orodha ya masomo na alama, ina somo la fasihi simulizi kabla ya Shakespeare. Iandike kwa kichwa kilichoinuka. Abdulrazak Gurnah, mwandishi wa riwaya, naye alitoka Unguja akiwa kijana, akapata uzamifu wake Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akafundisha hapo hapo, na mwaka 2021 akapewa Nobel ya Fasihi. Bahari yetu hii yajulikana huko.

Tena kuna hili, ambalo hukuligusa hata kidogo. Idara nyingi za Kiingereza zamtaka mwanafunzi wa uzamifu awe asoma lugha nyingine moja au mbili. Wenzako watahangaika na Kifaransa na Kijerumani. Wewe Kiswahili umekinyonya, na zile hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alizokufundisha maalim wako wa madrasa, wangapi wataokuja mezani pao wanaweza kuzisoma? Uliza kila idara kama Kiswahili chakubaliwa kwa sharti hilo, maana nyingi hukubali lugha inayohusiana na utafiti wa mtu. Hata wasipokubali, kiandike.

Sasa pesa, na hapa sitazunguka. Chuo kitakachokuandikia kwamba umekubaliwa lakini ujilipie, jibu ni la, ahsante. Uzamifu wa kweli kule huja na karo iliyosamehewa, posho na bima ya afya, nawe walipa kwa kufundisha. Uzamili, ile digrii ya pili, ndio wenye mtego, kwa sababu vyuo vingi humkubali mtu kisha humwachia bili. Kile kiwanja cha Mtwapa hakiuzwi. Babako alikinunua mkikua, na wadogo zako wawili wana haki yao ndani yake. Mimi sitaki uishi ugenini ukihesabu miguu ya mraba uliyowalia ndugu zako. Ukipata barua yenye pesa, usikimbizwe kuijibu. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi ana mpaka tarehe 15 Aprili kuamua juu ya ufadhili aliopewa. Na usiombe Marekani peke yake. Uingereza uzamili ni mwaka mmoja. Kuna Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ambao wataka angalau miaka miwili ya kazi, na hiyo miaka yako miwili ya ualimu wa BOM, wa kuajiriwa na bodi ya shule, ndiyo hiyo, ila ukimaliza wataka urudi nyumbani ukae miaka miwili. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Kuna Chuo cha Wits kule Afrika Kusini, kuna Makerere Uganda.

Ada za maombi ndizo zitakazotumaliza tusipoangalia. Dola 100 hivi kila chuo, yaani kama shilingi 13,000, mara saba. Lakini vyuo vingi vina msamaha wa ada kwa anayeuomba mapema, na hapo, mwanangu, ndipo mahali pa kueleza mshahara wa BOM na mama mwenye saiba. Eleza kwa ufupi, na ushahidi. Mtihani wa GRE, ule wa kuingilia masomo ya juu Marekani, idara nyingi zimeacha kuutaka, na ule wa GRE wa fasihi ya Kiingereza ulifutwa mwaka 2021, kwa hivyo mtu akikuuzia vitabu vyake usinunue. TOEFL au IELTS, mitihani ya kupima Kiingereza, uliza kwanza. Umesoma chuo chote kwa Kiingereza, na wapo wanaosamehe. Mawakala usiwaguse. Mtoto wa jirani alimpa mmoja shilingi 60,000 amjazie fomu ambayo angeijaza hapa kwangu kwa saa mbili. EducationUSA, ofisi ya Wamarekani ya ushauri wa masomo pale Nairobi, hushauri bure.

Walimu wako watatu watakaokuandikia barua za kukupendekeza, waandikie wiki hii. Usingoje Novemba. Wakumbuka mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025 ulivyosimamisha kila kitu. Wapelekee rasimu mpya, sampuli, na orodha ya tarehe, kwa kuwa wao ndio wanaopakia barua zao, nawe huwezi kuwapakilia. Yule aliyekusimamia mradi atakuandikia vizuri kwa kuwa alikusoma. Yule mkubwa mwenye jina, aliyekufundisha muhula mmoja katika ukumbi wa watu mia mbili, mwache.

Utaulizwa, na mimi mwenyewe nilijiuliza usiku, kama kuna kazi mwisho wa njia hii. Tangu mwaka 2008 kazi za kudumu za uhadhiri wa Kiingereza Marekani zimepungua sana, na mwaka 2025 vyuo kadhaa vilipunguza hata nafasi za wanafunzi wa uzamifu. Sitakuficha kwamba naogopa. Waweza kupata majibu ya "la" mara saba. Ukiyapata, utakuwa bado na sura ile ya pili iliyokatwa vizuri, tutatafuta jarida la kuichapisha, na mwaka ujao tutaomba tena. Wadogo zako watakuwa wamemaliza, nami nitakuwa na nafasi zaidi. Ninachokataa ni kimoja: upate la kwa barua isiyokuwa na swali lako ndani yake.

Kuhusu siku yenyewe. Vyuo vingi hufunga maombi Desemba, saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za New York, ambayo kwetu ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya kesho yake. Usihesabu huo usiku kuwa wako. Mwaka jana kijana mmoja alikaa hapa na fomu ya chuo kingine, stima ikapotea akiwa amebakisha kubonyeza tu. Yako itaondoka siku tatu kabla, kutoka kompyuta ya dirishani, mimi nikiwa nimekaa kando yako, kwa hivyo panga uje nyumbani shule zikifungwa.

Karatasi zenye penseli yangu nimekutumia kwa basi la usiku, mtafute kondakta asubuhi. Niliyoizungushia duara ni ile nusu sentensi ya mstari wa 38. Anza hapo. Nyanyako nimemsomea, kwa Kiswahili, akauliza kama mwishowe mmejua yule bwana alikuwa akimwambia nani. Nimemwambia hilo ndilo unaloliendea.

Nitumie rasimu ya pili kabla ya Ijumaa. Wino nimeshajaza.

Mamako