Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Ile Sloti ya Gari

Memba wenzangu, hamjambo. Leo tumefika watu 11 na chama chetu cha baiskeli kina 64, kwa hivyo hii naiandika hasa kwa wale 53 ambao kila mkutano wako njiani na hiyo njia haiishi.

Mambo ya kawaida mnayajua, tulienda matanga mara mbili, tukaendesha hadi Dunga na kurudi, riflekta zikagawanywa. Pesa iliingia 31,400, ikatoka 27,850, imebaki 3,550, na kama kila mtu angetoa ile mia yake ya mwezi tungekuwa na 76,800, pigeni hesabu wenyewe.

Sasa hiyo maneno ya sloti, ile nafasi ya kupaki gari ambayo mnasema nililipia na pesa ya chama ili nipaki gari yangu. Paking ya hapa tauni ilipopangwa upya nguzo za vibao ziling'olewa, na ndizo tulikuwa tunafungia baiskeli. Hakuna mtu alikaa akasema baiskeli zitoke, walikuwa wanapanga magari tu, sisi tukaenda na nguzo. Na msidhani ni Kisumu peke yake. Chicago huko Marekani, mwaka wa 2008, mji ulikodisha mita za paking kama 36,000, zile mashine za kulipia zilizo juu ya nguzo, kwa miaka 75, mita ndogo ndogo zikatolewa mashine moja ikawa inatumikia magari mengi, watu wa baiskeli wakabaki na mnyororo mkononi bila pa kufunga, mpaka nguzo zingine zikaachwa makusudi kwa ajili yao. Hiyo nilisoma mimi, usiku, kwa bando yangu.

Ndio nikaamua tulipie sloti moja ya gari, maana inabeba baiskeli 10 bila kubanana. Shida ikawa moja. Ukilipa kwa simu lazima uweke namba ya gari, na baiskeli haina. Dada wa paking aliizunguka baiskeli ya Black Mamba ya mzee wetu mmoja, ile ya kreti ya mkate nyuma, akaniuliza, "Sasa hapa niandike nini, mzee?" Nikampa namba ya gari yangu, Probox. Siri yote ndio hiyo.

Ile picha mnasambaza ya Probox ndani ya sloti ni ya siku moja tu, mvua ilikuwa inanyesha, nilikuwa naleta minyororo ambayo nilinunua na pesa yangu na hakuna mtu ameuliza risiti ya hiyo. Angalieni vizuri, nyuma ya gari kuna baiskeli tatu.

Kweli kuna jamaa wa gari kubwa alitoa baiskeli zetu akaziegemeza kwa mti, akapaki. Nikamwonyesha kwamba tumelipa. Akasoma pole pole, akaniambia hii ni ya Probox.

Mwaka ujao tunatumaini kupata vyuma vyetu vya kufungia, barua nimepeleka mwenyewe mara nne, naambiwa iko mezani. Na michango tumeni kwa mweka hazina, si kwangu, nimechoka na maneno.