Windows kwa Mac, Jumamosi
Habarini wadau, Jumamosi tunaweka Windows kwa Mac zetu ndio ile programu ya hesabu ifunguke, saa nne asubuhi, kwangu Milimani hapa Kisumu.

1. Mac za chip ya M1 kwenda juu hazina Boot Camp (ile ya Apple ya kuweka Windows kwa Mac), so tunatumia VMware Fusion, programu ya kuendesha Windows ndani ya Mac, ni ya bure, na Windows 11 ya ARM (ile ya chip za aina hiyo). Mwenye Mac ya chip ya Intel aniambie mapema, hiyo iko na njia yake.
2. Acheni GB 64 wazi kwa diski, afadhali hata 80, na mfanye bakapu, wenye picha za harusi mnajijua.
3. Mia mbili ya bando kila mtu kabla ya Ijumaa jioni, faili ni kubwa na wifi yangu ikianza kuzunguka tutalala hapo.

Tafadhali andikeni "niko" na modeli ya Mac leo kabla ya saa tatu usiku.