Barua ya wazi kwa vijana wa midahalo mnaowataja wanafalsafa msiowasoma

Wanangu wa klabu za midahalo,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba, marahaba. Kujaza ukumbi Jumamosi jioni ili kusikiliza hoja, wakati wenzenu wako kwenye mpira, ni jambo la kupongezwa, na ninawapongeza. Ila leo naandika nikiwa nimeudhika. Mtaniwia radhi nikipandisha sauti.

Mada ya juzi ilikuwa kama falsafa ya Magharibi ina faida yoyote kwa Mwafrika. Upande wa kuunga mkono ukaanza kurusha majina: Socrates alisema, Aristotle alisema, Voltaire alisema, Nietzsche alisema. Kila jina likitua, vigelegele. Upande wa kupinga ukasimama ukasema hao wote ni Wazungu wabaguzi, watupwe baharini, na makofi yakazidi. Hakuna hata mmoja, huku wala kule, aliyetueleza mwanafalsafa fulani alikuwa anajibu swali gani na alifikaje kwenye jibu lake. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono akauliza kwa adabu, "Samahani, Aristotle aliyasema hayo katika kitabu gani?" Akazomewa. Wanangu, mlimzomea mtu pekee aliyekuwa anafanya falsafa ukumbini siku ile.

Na swali lake lilikuwa na maana, kwa sababu Aristotle hakusema. Ile kauli mliyompachika, kwamba sisi ni kile tunachokifanya kila mara, hivyo ubora ni mazoea wala si tendo moja, iliandikwa na Mmarekani Will Durant mwaka 1926 alipokuwa anafafanua mawazo ya Aristotle. Aristotle alifariki mwaka 322 KK. Ile nyingine, ya mtu asiyekubaliana na unachosema lakini atatetea mpaka kufa haki yako ya kukisema, ni ya Mwingereza Evelyn Beatrice Hall, aliyeiandika mwaka 1906 kufupisha msimamo wa Voltaire. Voltaire mwenyewe alikuwa kaburini tangu 1778.

Nawasikia mkisema: kuna ubaya gani, mradi maneno ni mazuri? Ubaya upo. Mfungueni Aristotle mwenyewe, katika kile kitabu chake cha maadili kinachobeba jina la Nikomako, mtamkuta anahangaika na swali gumu. Tunasema mtu huwa mwadilifu kwa kutenda haki. Sasa atatendaje haki kabla hajawa mwadilifu? Anajibu kwa mfano wa sarufi. Mtu anaweza kutoa sentensi sanifu kwa bahati tu, au kwa kunong'onezwa na mwenzake, na bado asiwe mjuzi wa sarufi. Ili tendo lihesabike kuwa la uadilifu, mtendaji lazima ajue anachokitenda, akichague kwa ajili ya wema wa tendo lenyewe, na litoke katika tabia iliyokwisha kuimarika. Rudieni mfano huo. Yule anayetamka sentensi safi aliyonong'onezwa ndiye tuliyempigia makofi juzi. Mngekuwa mmemsoma Aristotle, yeye mwenyewe angewakataza kumnukuu namna ile.

Nietzsche naye. Kuna kijana kati yenu ameweka "Mungu amekufa" kwenye stetasi yake, na picha ya miwani ya jua. Mwanangu, umesoma inakotoka? Ni kisa kifupi katika kitabu cha mwaka 1882. Mwendawazimu anawasha taa asubuhi kweupe, anakimbilia sokoni akilia kwamba anamtafuta Mungu. Sokoni wamejaa watu wasioamini, wanamcheka: kwani amepotea? Amepanda meli? Ndipo anawageukia na kuwaambia kwamba wamemuua, wao na yeye, kisha anauliza ni nani atakayewafuta damu hiyo na ni maji gani yatakayowasafisha. Anatupa taa chini, inavunjika, anasema amekuja kabla ya wakati wake. Ni kilio cha hofu, na wanaochekwa na kisa kile zaidi ni wale wapiga kifua wa sokoni. Nyanya yako anayesali alfajiri angekielewa kisa hicho kuliko unavyokielewa wewe.

Msidhani nawasema nyinyi peke yenu. Sisi wazee ndio tuliowafundisha. Nendeni kwenye mahafali yoyote, mgeni rasmi atasimama aseme kwamba hata Socrates alilalamika vijana wa leo wanapenda anasa, hawana adabu na hawainuki wazee wanapoingia. Uongo mtupu. Maneno hayo yametoka katika tasnifu ya mwanafunzi wa Cambridge, Kenneth John Freeman, iliyochapishwa mwaka 1907, akijumlisha malalamiko ya watu wa kale kuhusu vijana. Socrates hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi yake. Tena yeye ndiye aliyeshinda sokoni na vijana wa Athene akiwauliza maswali, na mwaka 399 KK mahakama ya mji ikamhukumu kunywa sumu, moja ya mashtaka likiwa kwamba anawaharibu vijana hao. Mtu aliyeuawa kwa sababu yenu, sisi tumemgeuza fimbo ya kuwachapia. Aibu hiyo ni yetu.

Na shule zetu? Mtihani unasema taja sifa tano, mtoto anataja tano. Akitaja ya sita kwa fikra zake, haina alama. Mwanafunzi akiuliza swali lililo nje ya madesa anaambiwa anapoteza muda wa wenzake. Nimeona maktaba ya shule iliyofungwa kufuli mwaka mzima kwa kuogopa vitabu vitachakaa. Tunawalea kwa kukariri, kisha tunashangaa mnatoka na nukuu mfukoni na bila hoja kichwani. Wizara, wazazi, walimu wenzangu, hili linatuhusu.

Juu ya kukariri nina kisa kimoja ambacho siachi kukisimulia. Ibn Sina wa Bukhara, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 980, ameandika katika maisha yake kwamba alisoma Metafizikia, kitabu cha Aristotle kuhusu asili ya vitu vyote vilivyopo, mara arobaini hadi akakihifadhi kitabu kizima moyoni, na bado hakuelewa kinalenga nini. Akakata tamaa. Siku moja alasiri akiwa kwenye soko la wauza vitabu, dalali akamsogezea kitabu, akakikataa. Dalali akambembeleza: mwenyewe ana shida ya pesa, chukua kwa dirhamu tatu. Akanunua. Kilikuwa cha al-Farabi, mwanafalsafa Mwislamu aliyemtangulia, kikieleza makusudio ya kitabu kilekile cha Aristotle. Akaenda nyumbani akakisoma palepale, mambo yakamfunguka, na kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa maskini kumshukuru Mungu. Tazameni: kichwa kikubwa kuliko vyote vya zama zake, kitabu amekihifadhi chote, na ameona wazi kwamba kuhifadhi hakujamsaidia.

Kisa hicho kinawajibu pia nyinyi mliotaka kutupa kila kitu baharini. Hiyo mnayoiita falsafa ya Wazungu imepita mikononi mwa nani? Al-Farabi alifariki Dameski mwaka 950. Ibn Rushd alikuwa kadhi wa Seville na Cordoba, Hispania ya leo, akafafanua Aristotle mstari kwa mstari, vitabu vyake vikachomwa moto, akafia Marrakesh mwaka 1198. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki, mara nyingi akawa anamwita Mfafanuzi tu bila jina, na mwaka 1270 huko Paris akaandika kitabu kizima kuwapinga wafuasi wa Ibn Rushd. Kumheshimu na kumpinga kwa wakati mmoja, hilo mlione. Augustino, yule mtakatifu na mwanafalsafa wa Kikristo, ni mtu wa Thagaste, Algeria ya leo. Hypatia, mwanamke mwanafalsafa, alifundisha Alexandria, Misri, mpaka alipouawa na kundi la watu mwaka 415. Musa bin Maimun, Myahudi wa Cordoba, aliandika kwa Kiarabu akiwa Misri. Epictetus alikuwa mtumwa. Spinoza alitengwa na jumuiya yake ya Wayahudi wa Amsterdam mwaka 1656 akiwa na miaka 23, akajipatia riziki kwa kusugua lenzi. Elisabeth wa Bohemia, binti wa kifalme, alimbana Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, kwa barua kuanzia 1643: kama roho haina mwili, inausukumaje mwili? Descartes alihangaika kumjibu.

Ubaguzi wao upo, na msimfiche mtu. Kant wa Ujerumani aliandika mwaka 1764 kana kwamba weusi wa mtu unatosha kuthibitisha kuwa alichosema ni upumbavu. Hegel, Mjerumani mwenzake, alifundisha kwamba Afrika haina historia. Hume wa Uskoti, katika tanbihi ya insha yake moja, alidai anashuku kuwa watu weusi wamezaliwa duni. Na alipotajiwa mtu wa Jamaica aliyesifika kwa usomi, akasema huenda ni kama kasuku anayetamka maneno machache waziwazi. Huyo wa Jamaica hudhaniwa ni Francis Williams, aliyetunga mashairi kwa Kilatini. Tusi hilo lilinichoma nilipolisoma. Na ndiyo maana nikiwaona vijana wetu wenye akili zao timamu wanatamka maneno machache waziwazi bila kujua yametoka wapi, damu inanichemka.

Mtu wa kumjibu Hume alikuwepo. Anton Wilhelm Amo alizaliwa mnamo 1703 karibu na Axim, Ghana ya leo. Akachukuliwa mtoto hadi Uholanzi, kisha akatolewa zawadi kwa mtawala wa Wolfenbüttel huko Ujerumani. Akasoma chuo kikuu cha Halle, na mwaka 1729 akatetea hapo mada kuhusu haki za watu weusi Ulaya, andiko ambalo limepotea. Mwaka 1734, Wittenberg, akatetea tasnifu ya Kilatini akisema kuhisi ni kazi ya mwili ulio hai, na roho kwa asili yake haihisi. Alifanyaje? Alichukua maneno ya Descartes, tena kutoka barua zake, akaonyesha yanakopatikana, akasema hapa namkatalia, na sababu zangu ni hizi. Mwaka 1738 akatoa kitabu kuhusu kufanya falsafa kwa utulivu na usahihi. Akafundisha Halle na Jena. Baadaye akarudi kwao, na mwaka 1753 daktari wa meli aitwaye David Henri Gallandat akamkuta Axim akiishi maisha ya upweke, anajua Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kijerumani. Ndugu yake alikuwa mtumwa Suriname, Amerika Kusini. Mtu aliyebeba yote hayo hakuwazomea wanafalsafa wa Ulaya wala kuwapigia vigelegele. Aliwasoma, akawajibu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki wapo walioipita njia hiyo. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, mji aliozaliwa Hume, akahitimu mwaka 1952 na kurudi na maswali yake mwenyewe. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwafuata wazee wa vijijini Kenya na kinasa sauti, akawatenganisha: yuko mzee anayejua mila na kuirudia vizuri, na yuko mzee anayeipima mila kwa akili yake, akaikubali au akaikataa kwa sababu. Huyo wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa, hata kama hakukanyaga darasani. Kipimo hicho hakiangalii rangi wala kizungu cha mtu, na kinawahusu nyinyi vilevile.

Sasa nawaomba kazi moja, maana kulaumu peke yake hakujengi. Mdahalo ujao acheni mada pana. Someni Crito, kitabu cha Plato, mwanafunzi wa Socrates. Ni fupi, jioni moja inatosha. Socrates yuko gerezani, amehukumiwa kifo bila haki. Rafiki yake Crito anaingia kabla hakujapambazuka, ameshamzoea mlinzi na kumpa chochote, pesa za kutorokea zipo, na nyumba ya kufikia ugenini ipo. Socrates anakataa kutoroka, na anaziweka sheria za mji zimhoji kana kwamba ni watu: tumekulea, tumekusomesha, ulikuwa huru kuhama ukabaki, leo unataka kutuvunja? Crito anaishiwa maneno upesi mno, na mimi siridhiki naye. Chukueni nafasi yake. Raia aliyeonewa na mahakama anadaiwa utii gani? Upande mmoja uwe Socrates, mwingine uwe Crito aliyejiandaa. Marufuku nukuu yoyote isiyotoka katika kurasa hizo, na anayeitoa aonyeshe mahali ilipo.

Yule msichana wa nyuma mpeni uenyekiti. Mkishamaliza niandikieni hoja ipi ya zile sheria imewashinda kuijibu. Ni hiyo ninayoitaka. Zile mlizoshinda bakini nazo.

Wenu anayewapenda,
Mwalimu mstaafu wa Historia, Morogoro