"Fundi, umebadilisha kidude kimoja tu, mbona bei kubwa?"

Sisi mafundi wa mashine za gemu tumeulizwa swali hili mara tatu tangu mwezi uanze, na la mwisho lilituuma. Bwana mmoja mwenye mkahawa ufuoni alituletea Centipede, gemu ya Atari ya mwaka 1981, mpira wake wa kuongozea, ule unaozungushwa kwa kiganja, umegoma. Tulipoimaliza tukampa mkononi sensa mbovu tuliyoitoa. Akaitazama, ndogo kama punje ya mahindi, akasema tumemwibia. Hatukumwibia, na tungependa kila mteja ajue pesa yake ilikwenda wapi.

Mpira ule ukizunguka huzungusha rola mbili: moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini. Kwenye ncha ya kila rola pana kisahani chenye meno, kinachopita katikati ya taa ndogo za infraredi na sensa za mwanga. Mwanga unakatika, unapita, unakatika, na bodi kubwa ya saketi ya gemu inahesabu. Kila kisahani kina sensa mbili, kwa sababu sensa moja ingejua mpira unazunguka lakini isijue unaelekea wapi. Ndiyo maana ukiona mchezaji wako anatetemeka palepale bila kusogea, mara nyingi sensa moja kati ya hizo mbili imekufa.

Mara nyingi, si kila mara. Kwa hiyo tunaanza na beringi: tunazitoa, tunaziosha, zilizolika tunazitupa. Taa tunazitazama kwa kamera ya simu, maana jicho halioni infraredi lakini kamera nyingi huiona. Kisha tunazungusha kisahani polepole kwa kidole, mita ikiwa kwenye waya wa sensa. Sensa nzima huruka kutoka karibu na volti 0 hadi karibu na 5. Mwisho tunabadilishana plagi za rola mbili. Ubovu ukihamia upande wa pili kwenye skrini, mgonjwa ni sensa na kibodi chake, yaani bodi ndogo inayoishika. Usipohama, tafuta kwenye waya au bodi kubwa.

Kwenye mashine ya yule bwana ubovu ulihama asubuhi, mchana ukakataa kuhama. Tulihangaika nao hadi magharibi. Sensa moja ilikuwa imekufa kweli, lakini pia risasi ya kuchomelea kwenye miguu ya plagi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unaoachia mashine ikipata moto. Tungebadilisha sensa peke yake, angerudi baada ya wiki. Na risasi mpya haina kipuri cha kumwekea mteja mkononi.

Kinachotusikitisha zaidi ni njia za mkato. Kuna wanaopuliza mafuta kwenye beringi bila kufungua chochote. Mpira unateleza vizuri siku mbili, kumbe mafuta yamerukia visahani na sensa, yanashika vumbi, na sasa pande zote mbili zimekufa. Mbaya kuliko hiyo ni kuongeza volti. Hoteli moja ilikuwa na Missile Command, gemu nyingine ya mpira ya mwaka 1980, sensa zinasoma kwa kubahatisha. Mtunza mashine wao akazungusha skrubu ya pawasapulai, kifaa kinachoilisha bodi umeme, hadi karibu volti 6. Gemu ikacheza jioni moja. Chipu za bodi zile zinataka volti 4.75 hadi 5.25, basi, kesho yake skrini ilijaa takataka. Ugonjwa wenyewe ulikuwa konekta iliyoliwa na kutu ya hewa ya chumvi, kazi ya kusafisha ya nusu saa. Walilipa chipu, na siku nne za kuzitafuta na kuzibadilisha.

Ada ya uchunguzi tunaitoza hata ukiamua usitengeneze, na tunakwambia kabla hatujashika bisibisi. Ukituletea mpira, lete na waya zake zote na vibodi vyake, na tafadhali usipulize kitu.

Na bwana wa mkahawa, upande ule ukitetemeka tena ndani ya miezi 3, irudishe. Hatutakudai hata shilingi.