Barua ya wazi kwa madaktari wanaosomea ubingwa wa uzazi na watoto

Wanangu,

Salaam. Nawaandikia ninyi mlioko katika hospitali za Muhimbili, KCMC, Bugando na kwingineko, hasa mnaohangaika sasa hivi na mada ya tasnifu. Nimekuwa daktari wa watoto muda mrefu, nimefundisha, na hata baada ya kustaafu bado naitwa kuwasikiliza vijana wakiwasilisha mapendekezo yao ya utafiti. Kila msimu nasikia mada zilezile: uelewa wa akina mama kuhusu hiki, mtazamo wao kuhusu kile. Najua kwa nini zinachaguliwa. Dodoso huandikwa upesi, kamati ya maadili haina maswali mengi, na muda wa kumaliza masomo unabana. Lakini mwisho wake mama anaambiwa kwamba hajui, na wodi inabaki vilevile.

Ninalo jambo moja la kuwaomba. Pimeni yale mnayoyafanya ninyi wenyewe kila siku, hasa yale ambayo hakuna anayeyatilia shaka.

Chukueni habari ya dripu. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu, apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Daktari wa watoto Kathryn Maitland na wenzake, kutoka Kilifi, pwani ya Kenya, wakauliza swali ambalo wengi waliona halina haja: je, kweli yanasaidia? Utafiti huo, uitwao FEAST, uliingiza watoto 3,141 katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Ya kwetu ilikuwa Teule, Muheza. Majibu yalitoka mwaka 2011. Kati ya waliomiminiwa maji kwa haraka, zaidi kidogo ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya waliopewa maji ya taratibu tu, walifariki 7. Utafiti ulisimamishwa kabla haujafikia idadi iliyopangwa. (Watoto wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo. Hao wana taratibu zao, msije mkawanyima maji.)

Kinachonikosesha usingizi mpaka leo katika habari hii ni saa ile ya kwanza. Katika saa hiyo, waliopewa maji kwa haraka ndio walioonekana kupata nafuu mapema zaidi. Daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona mikono ikirudi kupata joto, akaandika kwenye faili kwamba mtoto anaendelea vizuri, akahamia kitanda cha pili. Kifo kilipokuja baadaye, kiliandikwa malaria, au homa kali, na kila mtu aliamini hivyo. Tofauti ya watoto 3 katika 100 haionekani kwa macho, hata kwa bingwa wa miaka 30. Inaonekana kwa kuhesabu, tena kwa kulinganisha kwa haki. Ndiyo maana nawasihi msidharau utafiti mkidhani ni kazi ya kupandia cheo tu. Ni sehemu ya kumtibu mtoto.

Pemba nako tulifundishwa somo la aina hiyo. Vidonge vya madini ya chuma na foliki vilikuwa vikipendekezwa kwa watoto wadogo wote, maana upungufu wa damu umejaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba pale penye malaria nyingi, kuwapa watoto wote bila kupima kuliongeza kwa asilimia 12 hatari ya kulazwa au kufariki. Shirika la Afya Duniani likalazimika kuutazama upya ushauri wake. Jambo jema, lililoanzishwa kwa nia njema, likageuka dhara kwa sababu mazingira ni mengine. Na jibu lilitoka kisiwani kwetu.

Twendeni leba. Mama amejifungua, chini yake kuna mpira wa kutandika aliokuja nao kutoka nyumbani na khanga zake. Damu nyingine inanywewa na khanga, nyingine inachuruzika pembeni ya mpira hadi sakafuni, nyingine imechanganyika na maji ya uzazi. Mkunga yuko peke yake na pazia la pili kuna mama anayesukuma. Anatupa jicho, anaandika mililita 300. Hiyo 300 imetoka wapi?

Swali hilo ndilo lililozaa E-MOTIVE, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kutoka hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wenye akina mama zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Mama aliwekewa chini shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa vipimo. Damu ikifika mstari, mkunga anaanza yote kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza mfuko huo, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, maji ya mshipa, kutafuta damu inatoka wapi. Hangojei kimoja kishindwe ndipo ajaribu kingine. Palipoendelea na utaratibu wa zamani, karibu nusu tu ya waliotoka damu nyingi ndio waliotambuliwa. Palipotumika mfuko, walitambuliwa 93 katika kila 100. Na wale waliopoteza lita nzima ya damu au zaidi, waliopasuliwa ili kuzuia damu au kufariki kwa kutoka damu huko, walishuka kutoka 4.3 hadi 1.6 katika kila 100. Dawa zote hizo tulikuwa nazo tayari.

Wakunga wanaijua shida hii kuliko sisi. Kaeni nao usiku, muwaulize kinachowaumiza, na wakiwapa swali waandikeni majina kwenye chapisho. Nesi aliyewajazia fomu zote hastahili kuishia kwenye mstari wa shukrani.

Kisha mkilipata swali lenu, kaeni nalo. Mradi ukiisha fedha tunarukia mwingine, leo lishe, kesho saratani. Naelewa, watoto wanataka ada. Lakini mtazameni Hoosen Coovadia, daktari wa watoto wa Durban, aliyefariki mwaka 2023. Akina mama wenye virusi vya UKIMWI walipokuwa wakihimizwa watumie maziwa ya kopo, yeye na Anna Coutsoudis waliuliza kama maziwa ya mama pekee, bila uji wala maji, ni sawa na kuchanganya. Mwaka 1999 walionyesha kwamba si sawa: kuchanganya ndiko kulikoambukiza zaidi. Wengi hawakukubali. Hawakuliacha swali, na mwaka 2007 wakaja na utafiti mkubwa zaidi: kufikia miezi 3, walionyonya maziwa ya mama pekee walikuwa wamefariki 6 katika 100, na wale wa maziwa mbadala 15. Miaka 8 kwa swali moja.

Kuhusu ridhaa sitasema mengi, ila hili nalisema kwa uchungu. Mama mwenye uchungu wa uzazi akisaini karatasi ya kurasa 6, hajawapa ridhaa. Zungumzeni naye kliniki, miezi kabla, na mumweleze tena akishapumzika. Na majibu yakitoka, yarudi kwenye hospitali na kijiji ilikotoka damu mliyoipima, kwa Kiswahili, kabla hayajaenda kwenye mkutano wa nje. Mkishirikiana na wageni, shirikianeni kwa moyo mweupe, lakini ulizeni mapema, kwa maandishi: takwimu zitatunzwa wapi, nani ataruhusiwa kuzichambua, nani ataandika.

Kwa yule ambaye bado hana mada, achukue rejista ya MTUHA, yaani daftari la mfumo wa taarifa za afya, ya wodi ya wazazi, mwaka mzima, aitazame safu ya watoto waliozaliwa wafu. Ahesabu ni wangapi mapigo ya moyo yao yalisikika mama alipopokelewa. Katika hospitali 8 za hapa Tanzania, wakunga walipofundishwa kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Majibu hayo yalichapishwa mwaka 2013. Lakini hata idadi ya walioandikwa kwamba wamezaliwa wafu, yaani waliodhaniwa kufariki muda mfupi kabla ya kutoka, ilipungua, kwa asilimia 24. Yaani baadhi yao hawakuwa wafu. Walikosa hewa, na mtu wa kuwapa. Tafuteni kama kwenu iko hivyo, ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, iko wapi usiku na nani ana ufunguo wa kabati. Atakayeanza na asipate msimamizi wa kumwongoza, aniandikie. Muda ninao.

Mzee wenu,
daktari mstaafu wa watoto, Dar es Salaam