Malalamiko: Mama na Mjukuu Kuachwa Peke Yao Msituni

Arusha,
26 Machi 2025.

Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Moshi.

Ndugu Meneja,

YAH: MAMA YANGU NA MJUKUU WAKE KUSHUSHWA BILA MWONGOZAJI, NJIA YA MARANGU

Jumamosi ya tarehe 22 Machi 2025, familia yetu ya watu tisa ilipanda Mlima Kilimanjaro kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara kwa safari ya siku moja. Makubaliano tuliyolipia ofisini kwenu yalitaja waongozaji wawili. Alikuja mmoja, akatueleza kwamba mwenzake angetukuta njiani, na mpaka tunarudi mjini hatukumwona.

Tulipokwisha kupita Kisambioni, mahali pa kupumzikia njiani, mama yangu mwenye umri wa miaka 66 aliumwa goti. Mimi nilikuwa mbele na sikuwa na habari. Mwongozaji, ambaye hakuweza kuwa na makundi mawili kwa wakati mmoja, alimwambia ashuke taratibu na mjukuu wake wa miaka 11, kwa maelezo kwamba njia ni moja tu na hawezi kupotea.

Maelezo hayo hayakuwa ya kweli, na mtu anayefanya kazi katika mlima ule hawezi kusema hakujua. Kati ya Kisambioni na lango ziko njia mbili: ya wageni inayopita ndani ya msitu, na ile pana ya wapagazi. Zote huishia langoni, lakini mama hakulijua hilo. Ukungu ulikuwa umeshuka na mvua imeanza alipofika panapogawanyika, akafuata ile pana. Sisi, tulipopata habari Mandara, tukateremka kwa ile ya msituni tukimwita kila baada ya hatua chache, tusisikie jibu isipokuwa mbega juu ya miti. Kwa muda wa saa nzima niliamini kwamba mama ameteleza akaangukia mtoni.

Wapagazi wa kampuni nyingine, waliokuwa wakishuka na mizigo yao, ndio waliomkuta ameketi juu ya jiwe, mtoto amejifunika kanga ya bibi yake. Mmoja alivua koti lake la mvua akawafunika, kisha wakawasindikiza hadi langoni. Nawashukuru sana vijana wale.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hairuhusu wageni kupanda bila mwongozaji, na sioni maana ya sharti hilo ikiwa mwongozaji akishaandikishwa langoni anaweza kumwacha mzee na mtoto msituni.

Kwa hiyo naomba mturudishie fedha ya mwongozaji wa pili, mnieleze kwa maandishi kwa nini hakuja, na mumwombe radhi mama yangu ninyi wenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekosewa. Zaidi ya yote, nataka kujua mmewaagiza nini waongozaji wenu kuhusu mgeni anayeshindwa kuendelea. Nakala za makubaliano na stakabadhi nimeziambatisha, na nitasubiri majibu kwa siku 14.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, kwa niaba ya familia.