Usimpite tu yule Askari

Mwanangu Tusekile,

Huku hatujambo. Mama yako ana kikohozi cha baridi hii ya Juni, si cha kukutia hofu. Jana kwenye simu ulisema huko Dar unashuka Posta kila asubuhi na kupita Sanamu ya Askari. Nikakuuliza ameshika nini. Ukajibu, "Bunduki, sijui." Sijui! Wewe, mtoto wa fundi wa kuchomelea!

Unakumbuka nilivyokupeleka Mbozi kukiona kimondo? Ulinuna, ukasema ni jiwe tu. Inakadiriwa ni tani 12 au zaidi, na karibu asilimia 90 yake ni chuma, kilichobaki zaidi ni nikeli. Kimeanguka kutoka angani na hivyo vibonyo vyake vyote, hakuna mkono uliokifinyanga, na mimi kwa grenda yangu siwezi kutengeneza hata kibonyo kimoja cha namna ile. Nikauchukua mkono wako nikauweka pale walipokata kipande kwa msumeno. Panateleza, pamenyooka. Hapo ndipo ulipoacha kununa, ukakizunguka mara tatu mpaka mlinzi akacheka.

Sasa mzunguke na huyo Askari. Ni shaba iliyochanganywa na bati, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, imesimama hapo tangu 1927. Usitazame uso kwanza, kila mtu hutazama uso. Anza na miguu, uone uzito wa mwili umelalia wapi, kisha ifuate bunduki mpaka kwenye singe, kile kisu cha mdomoni mwake, inayoelekea bandarini. Ukimtazama hivyo utajua huyo mtu hajapumzika. Kabla yake Wajerumani walimweka hapo gavana wao, Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakamshusha.

Halafu soma maandishi. Wapagazi, wale wabeba mizigo ya vita, wametajwa humo kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri, ila juu kabisa amesimama mwenye bunduki peke yake. Nairobi, fundi huyohuyo alimsimamisha mpagazi pamoja na wanajeshi. Mimi naona pale Nairobi alitenda haki zaidi.

Nakwambia haya kwa sababu babu yake baba yangu alichukuliwa huku milimani kubeba masanduku ya risasi katika vita hiyo. Hakuwa na bunduki. Bibi alikuwa akisimulia kwamba bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino, na watoto walipenda kuligonga kwa kijiko wasikie mlio.

Kwa hiyo zunguka pande zote nne za msingi, polepole, magari yasikugonge, uniandikie wapagazi umewaona wapi. Nipigie na picha ya mgongo wake, nataka kuona mikunjo ya nguo ilivyomiminwa.

Hela ya hosteli nitatuma Ijumaa, yule mteja wa geti kule Uyole akinilipa.

Baba yako